Makofi ya Jovina

Popote alipokutana na mtu aliyemzidi umri, Jovina aliweka chini alichoshika, akakunja magoti hadi karibu achuchumae, akapiga makofi taratibu, viganja vimejikunja kama vya mtu anayekinga maji ya mvua. Hayakuwa makofi ya shangwe. Mlio wake ulikuwa mzito na wa chini, na ukiwa mbali kidogo usingeusikia. Ndivyo wazee wetu wa Ufipa walivyosalimia, na vijijini wapo wanaosalimia hivyo mpaka leo, hasa wanawake. Sisi wa mjini Sumbawanga tumeacha. Tunasema shikamoo huku tunatembea.

Jovina hakuacha. Siku moja ya Machi, barabara ya kwetu Izia ikiwa matope matupu, nilimwona akimsimamisha dereva wa bodaboda, akashuka, akachuchumaa pembeni ya dimbwi mbele ya mzee mmoja aliyekuwa anaswaga mbuzi.

"Dada, salamu gani hiyo ndefu kama misa?" dereva alilalamika. "Unanichelewesha."

"Ngoja kidogo, huyo ni baba yangu."

"Kumbe! Baba yako wa kukuzaa?"

"Hapana. Hata simjui."

Tulikuwa majirani. Alikuja Izia kutoka Kaengesa baada ya baba yake kufariki, akiwa na mama yake, Kristiana, na mizigo michache. Walipanga vyumba viwili nyuma ya kwangu, wakalima mahindi na ulezi kwenye kipande cha shamba kule nyumba zinakoishia. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilimzidi miaka saba au minane, akaniita dada tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwembamba, mkimya kiasi, na akicheka aliziba mdomo kwa ukingo wa kitenge.

Kazi yake ilikuwa kupika supu na kukaanga chipsi katika grosari ya Abeli, hapo hapo mtaani. Abeli aliponunua meza ya pool, Jovina alikuwa mtu wa kwanza kuigusa baada ya mafundi walioisimika. Asubuhi supu ikishauzwa, wateja wakiwa bado makazini, alijifuta mikono na kucheza peke yake. Abeli alisema alimwacha kwa sababu meza isiyochezwa huingia vumbi. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na mwanamume mtaani aliyemfunga, na madereva wa malori ya mahindi waliotoka Laela walikuwa wanapitia kwa Abeli makusudi ili wakajaribu.

Alicheza polepole. Hakupiga kwa nguvu, hakuzunguka meza kwa majivuno, na mpinzani akikosa mpira aliokuwa na uhakika nao, Jovina aliegemeza fimbo yake ukutani, akakunja magoti, akapiga yale makofi. Kwake hiyo ilikuwa pole. Wageni walikasirika.

"Wewe mama, unanicheka?"

"Anakupa pole, mshikaji," Abeli alijibu kutoka kaunta. "Huku kwetu ukifiwa na mpira unapewa pole kama aliyefiwa na shangazi."

Watu walicheka, mchezo ukaendelea. Kwa Abeli kila mtu alijua makofi yale yanasema nini.

Kisha kituo kimoja cha televisheni kikaanzisha ligi ya pool, wanaume na wanawake pamoja, wachezaji wa kulipwa kwa msimu. Nilishangaa jinsi jambo lile lilivyowabadilisha watu hata kabla halijafika kwetu. Vijana waliokuwa wanacheza kwa Abeli na kandambili walianza kuvaa viatu. Walipaka chaki kwenye ncha ya fimbo, wakaipuliza taratibu, wakatazama kona ya dari ambako hakukuwa na kitu. Kamera haikuwepo, lakini walicheza kana kwamba ipo.

Jovina pekee hakubadilika. Mchujo wa mkoa ulipofanyika alikwenda na kitenge chake, akawafunga wote, akarudi kuosha sufuria.

Nusu fainali ilichezwa Mbeya, naye akapangiwa Alfonsi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, bingwa wa siku nyingi kutoka Tabora. Siku hiyo grosari ilijaa mpaka nje. Mama Kristiana, ambaye hakuwahi kuingia humo, aliletewa kiti cha mbele kabisa, akakaa na rozari yake mapajani.

"Hiyo suruali kaazima kwa nani?" aliuliza Jovina alipotokea kwenye kioo.

"Ni sare, mama," nilimwambia.

"Sare ya nani? Polisi?"

"Mama, mwache avae," Abeli alisema. "Akishinda tutakununulia na wewe."

Nataka kueleza vizuri tulichokiona, kwa sababu kila kilichofuata kimesimama juu yake. Walifikia mchezo wa mwisho wakiwa sawa. Alfonsi alibakiwa na mpira mweusi tu, nao ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo. Hata mimi ningeuingiza. Akainama, akapiga, mpira ukagonga ukingo ukarudi. Alikosa. Alisimama akiutazama kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. Hapo ndipo Jovina alipoegemeza fimbo yake, akakunja magoti kwa yule mtu mzima, akapiga makofi. Alfonsi alikosa kwanza, makofi yakaja baadaye. Kisha Jovina akachukua fimbo, akamalizia mpira wake, akaingiza mweusi.

Mtangazaji mmoja alisema, "Ameanza mambo ya kwao huyo!" Mwenzake akacheka.

Sisi tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Nilipomtazama Mama Kristiana alikuwa ameinama kidogo kitini, viganja vimejikunja, anapiga makofi ya chini kuelekea kwenye televisheni. Alikuwa anaitikia.

Kesho yake mchana nilikuwa kwake tunapukuchua mahindi, televisheni yake ndogo ikiwa imewashwa. Kabla ya taarifa ya habari wakaweka tangazo la fainali. Kwanza ilisikika ngoma, kisha mlio wa bundi. Jovina alionekana anakunja magoti polepole mno, kuliko mtu yeyote anavyoweza kukunja magoti, viganja vinakutana, vinaachana, vinakutana. Kisha mkono wa Alfonsi. Kisha mpira mweusi unagonga ukingo na kurudi. Maandishi mekundu yakatokea: MWANAMKE WA SUMBAWANGA.

Nilibaki na gunzi mkononi. Walikuwa wamegeuza. Kilichokuja baadaye wamekiweka mbele.

Msomaji asiyetoka kwetu anajua mzaha unaosemwa nchi nzima juu ya mji huu. Wazee hutuambia jina lenyewe ni amri ya kuutupa uchawi: anayeingia autupe kwanza. Huko nje wamelisikia kinyume, kwamba huku ndiko kwa wachawi, wakalifanya utani wa mabasini na vijiweni. Tumeuzoea, na wengine wetu tunautumia kuwatisha wageni wasumbufu. Sikuwahi kufikiri kwamba utani unaweza kuingizwa kwenye mashine, ukakatwa na kuungwa, ukatoka ukiwa ushahidi.

Mama Kristiana alikuwa ameacha kupukuchua.

"Mwanangu kafanya nini?" aliuliza.

"Hajafanya kitu, mama. Jana si tuliona wote? Yule baba alikosa kwanza."

"Ndivyo nilivyoona."

"Basi."

Alisema taratibu, "Labda sikuona vizuri. Macho yangu haya ya moshi."

"Na macho yangu je? Mimi niliona."

"Wewe ulikuwa umekaa nyuma." Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa. "Mwanangu, wale watu wana mitambo. Watasema uongo kwa faida gani?"

Mwanamke aliyekuwa ameitikia salamu ya mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, siku moja tu baadaye aliamini mitambo kuliko mikono hiyo.

Alfonsi angeweza kuumaliza mjadala kwa sentensi moja. Walimhoji. Alikuwa amevaa kizibao kinachong'aa, na nyuma yake kochini walikaa mkewe na watoto, maana televisheni ilikuwa imemfuata mpaka sebuleni kwake. Mtangazaji akamuuliza alijisikiaje. Aliwatazama watoto wake, akasema, "Nilisikia mkono umekufa ganzi." Naamini mwaka mmoja kabla, kwenye baa isiyo na kamera, mtu yule angesema nimekosa, akanunua soda, yakaisha. Lakini sasa nchi nzima ilikuwa imemwona akifungwa na mpika supu, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu.

Fainali ilikuwa Dar es Salaam. Mpinzani wa Jovina, kijana mmoja hodari, alifika ukumbini, akamwona Jovina anaweka fimbo chini ili amsalimie mwamuzi aliyekuwa mzee, akageuka na kutoka. Hakurudi. Wakasema ni ushindi wa mezani. Nimelifikiria sana neno hilo. Maishani mwake mote Jovina alitaka ushindi wa mezani, wa mipira na fimbo na kitambaa cha kijani, na siku waliyompa ushindi wenye jina hilo hawakumruhusu kuigusa meza.

Tulikuwa tunatazama kwa Abeli. Walimpa kombe, wakamsogezea kipaza sauti.

"Naomba mnipangie mipira," alisema. "Nicheze peke yangu tu, watu waone. Nashinda kwa mkono huu."

Mtangazaji akacheka. "Mkono upi sasa, dada? Maana wewe unatumia yote miwili!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Jovina aliendelea kusema, midomo ilikuwa inatembea, lakini sauti ilikuwa imekatwa, na juu ya uso wake likapita tangazo la mafuta ya kupikia. Kwa Abeli, mtu mmoja nyuma yangu alipiga ishara ya msalaba.

Aliporudi, stendi watu walimshangilia wakiwa mbali. Walimwita bingwa, na alipowasogelea wakampisha njia pana. Kwa Abeli, akishika fimbo, meza ilibaki tupu. Wale wale waliokuwa wanacheka pole yake walikumbuka ghafla kwamba wana haraka.

"Abeli, na wewe?" alimuuliza. "Njoo tucheze."

"Dada yangu, mimi nakujua. Lakini nina wateja."

"Wateja wanasema nini?"

"Hawasemi kitu. Hawaji tu."

Kwake nyumbani, watu walikuja. Hilo lilinishtua kuliko kukimbiwa. Mnunuzi wa mahindi kutoka Laela alifika na kuku, anataka dawa ya kuwashinda wanunuzi wenzake. Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya kwaya alitaka dawa ya mume. Jovina, ambaye alikuwa hakosi misa ya kwanza, aliwasindikiza mpaka barabarani na kuku wao. Walikwenda wakisema amewakatalia kwa sababu dawa yake ni kali.

Watu wa televisheni nao walipiga simu. Walitaka kipindi maalumu, avae kaniki, ashike kibuyu kama mganga. Alikataa, wakapiga tena, akakataa tena.

Alikuwa bado anaamini mambo yatapoa. Aliniambia, "Dada, msimu mpya ukianza nitacheza na kila mtu, nitapiga mipira mpaka wachoke kuangalia mikono." Nilimwamini.

Jambo lililoharibu kila kitu lilitokea mchana kweupe, uani kwetu, kwa swali moja na jibu moja. Mama Kristiana alikuwa ametoka kanisani, Jovina anafua, mimi naanika ulezi wa msimu uliopita. Majirani walikuwa kwenye bomba la maji, upande wa pili wa ua wa mabua. Mama alisimama mbele ya beseni.

"Jovina, niambie ukweli. Nani alikufundisha?"

Jovina alifuta povu mikononi. Alikuwa amekaa wiki nzima akisubiri mtu amuulize habari za makofi kwa wema, na nadhani alidhani ndiyo saa yenyewe.

"Si wewe, mama?" alisema, akitabasamu kabisa. "Ulinifundisha wewe, kule Kaengesa, jikoni. Na wewe ukasema ulifundishwa na bibi."

Mama Kristiana alipiga yowe. Alilitoa kama la msiba, akaenda chini na mikono kichwani. "Mimi! Mwanangu ananitaja mimi! Na mama yangu aliyelala kaburini!"

"Mama, makofi! Nasema makofi! Salamu!"

Lakini bombani ndoo zilikuwa zimenyamaza. Nilitazama juu ya ua nikaona wanawake wale wamesimama, maji yanamwagika, wametega. Walikuwa wamesikia kile mama alichosikia. Mama aliuliza habari za uchawi, Jovina akajibu habari za adabu, na majirani wakachukua swali la mmoja na jibu la mwingine wakayaunga, kama televisheni ilivyounga.

Tangu hapo hawakumtazama tena Jovina. Walimtazama mama. Ajuza, mjane, macho mekundu ya moshi wa jikoni: sihitaji kumweleza mtu wa huku maana yake. Akifika bombani wengine waliondoka na ndoo tupu. Ng'ombe wa fulani alipokufa walikumbuka kwamba alipita pale. Asubuhi moja tulikuta ulezi wake umefyekwa ungali mbichi, mashamba ya kulia na kushoto yakiwa hayajaguswa. Kisha wakaja wanaume watatu waungwana, mmoja wao nimesali naye jumuiya moja ya kanisani miaka mingi. Wakakaa, wakanywa chai, wakamshauri Mama Kristiana ahame kabla vijana hawajakosa subira. Walilisema kwa upole, wakashukuru kwa chai.

"Ahamie wapi?" nilimuuliza yule wa jumuiya mlangoni.

"Popote, mwalimu. Sisi tunampenda, ndiyo maana tumekuja mapema."

Jovina alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Alitoka, akachukua simu yake, akawapigia watu wa televisheni. Akawaambia waje.

Walikuja na gari na taa zao, wakazisimika kwa Abeli, pembeni ya ile meza. Walileta kaniki, akaikataa. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Nilisimama mlangoni, nikiwa na hakika kwamba amepata njia ya kuonyesha ukweli, atawaambia waweke picha ya kwanza kama ilivyokuwa. Nusu ya mtaa ilikuwa nje madirishani. Mama Kristiana alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha siku ile, hakuna aliyekaa karibu naye.

"Ni kweli," Jovina alisema kwenye kamera. "Nilitumia dawa. Niliinunua mbali, nje ya mkoa huu, kwa mtu ambaye amekwisha kufa. Hakuna wa kwetu anayejua. Mama yangu hajui lolote, nilimsingizia kwa hofu. Yeye ni mtu wa rozari."

Nilitaka kupaza sauti kwamba ni uongo, nikajizuia, kwa sababu nilimwona anatazama dirishani, anahesabu nyuso za watu waliokuwa wanamsadiki.

Mtangazaji hakuamini bahati yake. "Kwa hiyo, dada Jovina, bila dawa huwezi kucheza?"

Ndipo nilipoona kitu kinapita usoni mwake, kifupi sana. Nyuma yake mipira ilikuwa imepangwa. "Siwezi," alijibu.

Ligi ikamfungia maisha, kombe likapelekwa kwa yule kijana aliyekimbia. Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni wepesi wa majirani. Jioni ile ile mwanamke mmoja wa bombani alikuja na sahani ya maharage kwa Mama Kristiana. "Pole mama," alisema. "Mtoto ni mtoto." Yule wa jumuiya alituma mtu akalime pale palipofyekwa. Walikuwa wanampenda tena, kwa moyo wote, na sidhani walijua kwamba waliwahi kuacha.

Mama Kristiana alimwita mwanawe mbele yangu. Alimwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe," alisema.

Nilisubiri Jovina amwambie, angalau yeye, mle ndani, kwa sauti ya chini. Alisema, "Asante, mama."

Mama alifariki mwaka jana, kitandani kwake, jumuiya nzima ikimwimbia. Jovina hakuonekana mazishini. Wengine husema yuko Zambia anauza chakula, wengine wana hadithi nyingine, na sijui ipi ni ya kweli. Mara ya mwisho nilimwona stendi, siku aliyopanda basi la Tunduma. Kulikuwa na upepo wa baridi wa Juni, watu wamejifunika mpaka masikioni, na hakuna aliyemtambua. Nilimwambia siwezi kukaa na jambo hili, nitakwenda popote, nitaandika, nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Alikuwa tayari na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Akarudi chini, akanishika mkono.

"Dada, wewe umesoma, wakikusikiliza watakuamini. Wakijua nilidanganya, watarudi kumtazama mama. Akiwa bado hai, usije ukanitetea."